SOMO LA WANACHAMA: HATUA ZA KESI YA JINAI



Tuseme mwenzetu wa kiwanda cha saruji Tororo, au wa shamba la miwa Busia, ameshikwa langoni akidaiwa kuiba. Wengi hudhani tajiri ndiye mwenye kesi. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya serikali. Polisi hupeleleza, na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiyo inayoendesha mashtaka. Tajiri ni mlalamikaji na shahidi tu. Basi usimpe mtu pesa kwa ahadi ya "kufuta kesi".

1. Kituoni
Katiba ya Kenya ya 2010 inataka ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Zikiisha mahakama imefungwa, ni siku ya kazi ya mahakama inayofuata. Katiba ya Uganda ya 1995 imeweka saa 48. Pande zote mbili ni lazima uambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoelewa, na unayo haki ya wakili. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Uganda dhamana ya polisi hailipiwi. Kenya ukiwekesha pesa, dai risiti.

2. Mbele ya hakimu
Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu amechoka na selo, anasema "ni kweli" ili arudi nyumbani. Kumbe amekiri kosa, na kwa kawaida aliyekiri hukata rufaa juu ya adhabu peke yake. Kenya, mfanyakazi aliyemwibia mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7. Kama hukufanya, sema "si kweli". Ni kazi ya serikali kuthibitisha. Kama huelewi lugha ya mahakama, omba mkalimani wa Kiteso, Kisamia au lugha yako, hulipi.

3. Dhamana na kazi yako
Wenzetu wa Kenya, shikeni hili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa la kifungo asipoachiliwa, kwa dhamana au vinginevyo, katika siku 14. Kwa hiyo tawi lisingoje. Mjumbe aandike jina la kituo na saa ya kukamatwa, aarifu jamaa, atafute wadhamini wenye vitambulisho na barua ya chifu au ya mwenyekiti wa LC1. Wawe wakazi wa upande ule ule wa mpaka wenye kesi, maana mahakama hutaka wadhamini wanaopatikana.

4. Hukumu
Usiporidhika, nchi zote mbili muda wa kukata rufaa ni siku 14.

Maswali ya kujadili tawini
(a) Nani mwenye kesi ya jinai?
(b) Mwenzetu akishikwa Ijumaa jioni Malaba, upande wa Kenya, afikishwe mahakamani lini? Na upande wa Uganda?
(c) Nani katika tawi letu atakwenda kituoni siku hiyo hiyo?

Umoja ni nguvu.