Bagamoyo, Mwisho wa Njia Ndefu

1. Bagamoyo ni mji mdogo wa Tanzania, kando ya Bahari ya Hindi. Upo kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi. Ng'ambo ya maji ndiko Unguja. Jua la huko ni kali, lakini upepo wa bahari hupoza joto. Minazi imesimama kando ya mchanga. Asubuhi wavuvi hurudi na mashua zao, na watu huwangojea ufukoni wapate kununua samaki. Mgeni akitazama hayo yote hudhani kwamba mji huu umekaa kwa raha sikuzote. Sivyo. Na watoto wa Kongo wana sababu ya kujua habari zake, kwa maana njia iliyoishia hapo ilianza mbali, hata katika inchi ya Maniema.

2. Kwanza mgeni huenda Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya mji. Hapo yapo magofu ya mji wa Waislamu wa kale: misikiti miwili na makaburi mengi. Msikiti mmoja ni wa karne ya 13. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yatokayo baharini, na kwa chokaa. Makaburi mengine yana nguzo ndefu za mawe. Siku hizi mikoko imeota karibu, na watu hawakai tena katika magofu hayo.

3. Kisha mgeni hurudi mjini. Huona nyumba za mawe zenye milango ya mbao iliyochorwa kwa patasi, na ngome ya zamani. Katika karne ya 19 misafara mingi iliishia hapa. Ilitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganika, ikapita Tabora, ikafika pwani baada ya miezi mingi. Wapagazi, na hasa Wanyamwezi, walichukua pembe za tembo kichwani na begani. Wengi wao walikuwa watu huru, wakapata mshahara. Lakini wengine waliofika walikuwa watumwa, waliokamatwa vitani au kuuzwa, nao walifungwa minyororo. Pembe nyingi zilitoka Maniema, pande za Nyangwe na Kasongo. Watu hulieleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wengine husema: mpagazi alitua mzigo, akabwaga moyo, maana yake akapumzika. Wengine husema: mtumwa aliuacha moyo wake hapa, kwa sababu mbele yake palikuwa na bahari tu, na hakutumaini tena kuona kwao.

4. Toka mjini, njia yenye miembe mikubwa huongoza mpaka misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka wa 1868. Waliwakomboa watumwa, wakubwa kwa watoto, wakawajengea kijiji. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kulima na useremala. Wamisionari wengi walikufa wangali vijana kwa homa. Makaburi yao yapo mpaka leo. Karibu na hapo pana mbuyu mkubwa, nao una kipande cha mnyororo kinachotokeza katika shina. Wageni hufikiri kwamba ni mnyororo wa watumwa. Lakini wenyeji wa misioni husimulia kwamba ni mnyororo wa punda: mtu alimfunga punda wake hapo, akausahau mnyororo, na mti ukaumeza pole pole.

5. Katika misioni umo pia mnara wa kanisa la zamani. Mwezi wa pili mwaka wa 1874 watu wenye kuchoka sana walileta hapo maiti ya David Livingstone, Mskoti aliyepigania watumwa waachwe huru. Alikuwa amekufa mwezi wa tano mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika inchi iitwayo leo Zambia. Wenzake, Susi na Chuma na wengine, waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu zaidi ya kilometa 1500. Hakuna aliyewalazimisha. Livingstone alizikwa London mwezi wa nne mwaka wa 1874. Katika wale waliomchukua, mmoja tu, Jacob Wainwright, alikuwapo siku ya mazishi. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye.

6. Mwaka wa 1891 serikali ya Wajerumani ilihamia Dar es Salaam, na mwaka wa 1914 reli ilifika Kigoma. Misafara ikakoma, na Bagamoyo ikanyamaza. Lakini njia ile haikuleta machozi tu. Mwaka wa 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walianzia safari yao Bagamoyo. Walifika Ujiji mwaka wa 1879, na baadaye wakavuka ziwa, wakaingia Kongo. Kiswahili nacho kilikuja pamoja na misafara, vinywani mwa wafanya biashara na wapagazi, na wengine wao walikuwa wakali sana. Ndiyo lugha inayosomwa katika kitabu hiki. Njia haina kosa. Mtu ndiye anayechagua kuchukua mnyororo, au kumchukua mwenzake begani mpaka mwisho wa safari.

Maswali

1. Bagamoyo ni upande gani wa Dar es Salaam?
2. Nyumba za Kaole zilijengwa kwa nini?
3. Eleza maana mbili za jina la Bagamoyo.
4. Susi na Chuma walifanya nini? Wewe wawaonaje?
5. Taja vitu vizuri viwili na kibaya kimoja vilivyopita katika njia ile.