Gari limezimika usiku Pongwe, tufanyeje?

*Juzi gari letu lilizimika usiku karibu na Pongwe, tukitoka Muheza. Mume wangu aliingia chini yake kutazama, mimi na watoto tukabaki ndani huku malori yakitupita. Tulifika salama, ila hofu haijaniisha. Tulikosea wapi?*
Mama wa Watatu, Tanga

Hofu yako ina msingi, dada. Hatari kubwa huja na gari la pili, ambalo dereva wake hajawaona. Lori la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, na lenye shehena ndiyo kabisa halisimami upesi.

Gari likianza kukata moto, lipelekeni kushoto, nje ya lami, mwashe hazadi. Watoto washukie mlango wa kushoto, wakae mbali na barabara, upande yanakotokea magari, ili likigongwa lisisukumwe juu yao. Pembetatu ya kuakisi iwekwe hatua 70 hivi nyuma. Msitegemee matawi ya miti, hayang'ai usiku. Ufundi chini ya gari usubiri.

Ikiwa ni ajali, pigeni 112. Moto ni 114. Aliyeumia shingo au mgongo msimvute, labda pawe na moto. Damu ikichuruzika, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia.

Lori la mafuta likipinduka, ondokeni. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100, wengi wakichota petroli.

Aliyegonga kichwa akitapika au akisinzia ovyo, hata kesho yake, apelekwe hospitali ya Bombo mara moja.