SOMO: Mtoto anaomba kompyuta, mzazi anaangalia mbegu

Mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa. Mwezi huohuo, huku kwetu Kibumba, tunapanda viazi vya msimu A. Mambo haya mawili yanachota katika mfuko mmoja, na ndiyo sababu mabishano mengi ya wazazi na vijana wao tunayasikia wakati huu wa mwaka kuliko wakati mwingine. Zamani ilikuwa viatu na mfuko wa vitabu. Siku hizi ni kompyuta, au mashini, kama vijana wanavyoiita.

Katika somo hili tunachukua nyumba moja. Msitafute ni ya nani: tumeiunga kwa maneno tuliyoyasikia kwa wanachama mbalimbali, na bei tulizoweka ni za mfano tu. Mama analima robo ya hektari ya viazi, na mashu kidogo kandokando. Binti yake ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari katika idara ya biashara na informatike, na mwaka ujao anataka kwenda kusoma ISIG kule Goma. Ameona kompyuta mpya dukani mjini, dola 400. Jioni moja, wakati wa kuchambua maharagi, anaanza:

— Mama, benzangu bote beko na mashini. Miye njo naombaka ya batu kila siku.

— Na mbegu nitatosha wapi? Ile makuta unaona njo mbegu. Ngoja mwezi wa kwanza, tukivuna.

— Kila mwaka unasemaka mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza ikifika, makuta inakwisha.

Mama ananyamaza, maana hilo la mwisho ni kweli. Wengi wetu tungemwambia mtoto aache kujibu wakubwa, na neno lingeishia hapo. Lakini tukilichukua neno la binti kama swali la hesabu, linastahili jibu la hesabu.

Pesa iliyoko nyumbani

Tuseme baada ya kuuza mavuno ya msimu B, nyumba hii imebaki na dola 600. Kwa viazi, hektari moja inaomba karibu tani mbili za mbegu, basi robo ya hektari inaomba kilo 500. Tukiweka kilo moja ya mbegu nzuri kuwa senti 60 za dola, ni dola 300. Dawa ya mildiou, na kila mtu huku anajua mvua ya mwezi wa kumi inavyoileta, tuweke 60. Wafanyakazi wa kulima na kupalilia 50. Pesa za masomo za mwanzo wa mwaka kwa binti na wadogo zake 60. Chakula na sabuni mpaka mavuno 80. Jumla ni dola 550. Zinabaki 50.

Basi kompyuta ya dola 400 haimo. Hata binti akiona karatasi hii ataelewa bila kelele. Lakini kuna mashini za okazioni, zile zilizokwisha kutumiwa, na tuseme moja inapatikana kwa dola 180. Hapo ndipo majaribu yanapoanza, kwa sababu 180 inaonekana karibu. Tunachukua zile 50 zilizobaki, halafu 130 tunazitoa kwenye mbegu. Shamba dogo kidogo msimu huu, ni nini?

Tuone ni nini. Dola 130 ni karibu kilo 217 za mbegu. Kama kila kilo ya mbegu inarudisha kilo tano, na hiyo si mavuno ya kujivunia, tumepoteza kilo 1,085 za viazi. Kwa senti 30 kilo moja wakati wa mavuno, ni dola 325. Ongeza zile 50. Mashini ya dola 180 iliyonunuliwa mwezi wa tisa imeigharimu nyumba dola 375. Ileile, ikinunuliwa mwezi wa kwanza baada ya kuuza, inabaki dola 180.

Kwa hiyo bei ya kitu haiko dukani peke yake, iko pia katika mwezi unaokinunua. Mama alilijua jambo hili bila kalamu. Ila hakuwahi kulionyesha, na mtoto hawezi kuheshimu hesabu ambayo hajaiona.

Wengine wanapunguza gharama kwa njia nyingine: wanapanda viazi vidogo vilivyobaki nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Tumekwisha kulisema katika masomo ya mbegu. Ugonjwa unakusanyika katika mbegu hiyo, na mavuno yanashuka kila msimu. Ni kulipa mashini kidogokidogo kwa miaka mingi.

Je, AVEC?

Kuna njia ya tatu, na binti wa AVEC anaijua vizuri kwa sababu ndiye anayemwandikia mama yake kitabu. Mkopo wa dola 130, kwa faida ya asilimia 5 kila mwezi, miezi minne, ni dola 26 juu. Yaani mashini inakuja mwezi wa tisa, mbegu zote zinaingia udongoni, na gharama yote ni dola 206. Kwenye karatasi ni nzuri sana.

Sisi hatuipendekezi haraka. Mikopo mingi ya AVEC ni ya miezi mitatu, na viazi vinaweza kuomba miezi mitatu na nusu au minne. Unalazimika kulipa kabla ya kuvuna, au kuvuna mapema na kuuza viazi vyepesi siku ambayo kila mtu anauza. Mashu yanatoka karibu na miezi mitatu, na mwenye mashu mengi anaweza kufikiri njia hii. Tena mildiou ikipita, deni linabaki palepale. Jambo la mwisho: tangu benki zilipofunga Goma mwishoni mwa Januari 2025, masanduku ya AVEC na likelemba yamebeba mzigo mkubwa kuliko zamani. Mkopo mmoja usiolipwa unawaumiza wengi.

Upande wa binti

Tumemtetea mama vya kutosha. Sasa tuangalie anachosema binti, kwa sababu si anasa.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako vijana wanaowaambia wazazi kwamba bila kompyuta watakosa diploma ya serikali. Sehemu kubwa ya Egzetat ni maswali ya kuchagua jibu, kwenye karatasi. Mashini haimpitishi mtu, anapita kwa daftari lake na usingizi wa kutosha. Lakini katika idara ya informatike kuna mazoezi ya mikono, na kujifunza kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni ni sawa na kujifunza kukamua ng'ombe kwa picha. Na akifika chuo, kazi zake zitaombwa zikiwa zimepigwa mashini, mpaka ile ya kumaliza masomo. Asiye na mashini analipa sekretaria kwa kila ukurasa, halafu analipa tena kwa kila sahihisho.

Pia kusubiri kuna bei yake. Mama akisema mwezi wa kwanza, binti amepoteza karibu nusu ya mwaka wa masomo. Bei hiyo haimo katika dola 375 wala 180, lakini ni ya kweli, na anailipa yeye peke yake. Basi katika ile 50 iliyobaki, tungetenga 15 au 20 za kulipia saa za mazoezi kwenye siberi au kwa mtu mwenye mashini, mara moja kwa juma. Si sawa na kuwa nayo. Ni afadhali kuliko bure.

Halafu tuulizane bila kuzunguka: kama angekuwa kijana wa kiume aliyeomba, jibu lingekuwa lilelile? Kama ndiyo, sawa. Kama sivyo, shida ya nyumba hiyo si mbegu.

Binti ana hoja nyingine ambayo wanakoperative tunapaswa kuisikia. Kongo iliingia OHADA mwaka wa 2012, na sheria yake juu ya koperative inadai hesabu za kila mwaka zilizo wazi. Wanunuzi na mashirika, pamoja na sisi wenyewe, tunaomba orodha za wanachama na kilo zao zikiwa kwenye faili. Koperative nyingi zinapeleka madaftari Goma na kulipa mtu asiyejua hata kutofautisha mkulima na jirani yake. Mtoto wa hapahapa anayejua kupanga majedwali angefanya kazi hiyo vizuri. Ila tunaonya: asimwahidi mama kwamba mashini itajilipa. Mashini bila printa, bila wino na bila umeme haiingizi franka. Kazi ya koperative ikija, iandikwe na bei yake, si kwa matumaini.

Umeme, na mashini ya okazioni

Hapa watu wengi wanapoteza pesa. Kompyuta ya kubeba inakula karibu wati 30 ikifanya kazi za kuandika. Kwa saa nne ni wati-saa 120. Sola ya wati 50, kwa saa nne za jua zuri, inatoa 200 kwa maneno ya muuzaji. Kwa kweli ni chini ya hapo, sehemu inapotea njiani, na ukungu wetu wa chini ya Nyiragongo hausomi maandishi ya muuzaji. Sola hiyo inaweza kubeba mashini au kubeba taa na simu za nyumba nzima, si vyote kwa raha. Kompyuta ya mezani, ile yenye kasha na skrini kubwa, inakula mara tatu au zaidi. Kama nyumba yako haina umeme wa waya, iache, hata ikiwa ya bei rahisi.

Kwenye okazioni, mwambieni muuzaji awashe mashini bila waya, mkae nusu saa mkiitazama. Betri iliyokufa inajionyesha yenyewe. Memori ya giga 8 inatosha kwa mwanafunzi, giga 4 itamchosha. Disiki ya SSD ni bora kuliko ile ya kuzunguka: inafunguka upesi, na inavumilia mitikiso ya pikipiki kutoka mjini. Piga kila kibonye cha kibodi. Omba fakture yenye namba ya mashini, na siku za kuirudisha ikiharibika.

Kuna jambo moja jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Mashini nyingi zilizotoka kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11, na ndiyo maana unaona nyingi zinashuka bei. Si mbovu. Kwa kuandika na kupanga majedwali, mtu anayejua anaweza kuweka Linux na LibreOffice bila kulipa leseni. Ila binti aulize kwanza masomoni wanatumia nini, asije akajifunza kitu kimoja nyumbani na kingine darasani.

Neno la kukimbia

Mama ana hofu moja ambayo hakuitaja mbele ya mtoto. Mwaka wa 2021 lava ilikata barabara ya Goma na Rutshuru. Mwishoni mwa 2022 watu wa Kibumba walikimbilia Kanyaruchinya na waliyoweza kubeba kichwani. Mtu aliyepitia hayo anajiuliza kabla ya kununua chochote: hiki nitakibeba? Mashini inabebeka, ndiyo, lakini pia inavuta macho ya wezi. Tunashauri ikinunuliwa isitangazwe, na kazi za mtoto ziwekwe pia kwenye ufunguo wa USB unaokaa mwilini mwake. Mbegu iliyo ardhini haibebeki. Lakini wako waliorudi wakakuta viazi bado vimo udongoni.

Kuandika ahadi

Tunarudi kwa neno la binti, kwamba makuta ya mwezi wa kwanza inakwisha. Inakwisha kwa sababu haina jina. Siku ya kuuza, wadeni wanafika, bati linavuja, shangazi anaoa mtoto wake. Pesa isiyo na jina inakwenda kwa anayelia kwa nguvu.

Basi kabla ya kupanda, mama na binti waandike katika daftari la nyumba: kutoka mavuno ya msimu A, magunia haya ni ya mashini. Wahesabu magunia, si dola, kwa sababu bei itabadilika. Papa, kama yupo, atie sahihi pia. Siku ya kuuza, pesa ya magunia hayo iingie kwenye sanduku la AVEC siku ileile, mbele ya watu. Na binti ndiye aandike kila kilo inayoingia na kutoka shambani kutoka leo. Waandike pia mapema watafanya nini mavuno yakiwa nusu: mashini inasubiri msimu B, au wanatafuta ya pamoja na mwenzake wa darasa. Hilo ni gumu kuliandika mtu akiwa na matumaini, lakini ni gumu zaidi kulisema mwezi wa kwanza, gunia likiwa tupu.

Kwa mkutano ujao wa kikundi, kila mwanachama mwenye mtoto wa sekondari aje naye, na daftari la nyumba. Tutachukua bei za kweli za mbegu na viazi za juma hilo, na vijana ndio watakaofanya hesabu ubaoni mbele ya wazazi wao. Wasio na daftari tutawapa kurasa mbili za kuanzia.