Gari Jipya, Chuma cha Kale: Jinsi ya Kukagua Kutu Kabla ya Kulipa

ELIMU KWA MKAZI: Uchukuzi na Haki za Mnunuzi

Ndugu mkazi, kila asubuhi tuktuk, matatu na pikapu hutoka Utange zikipeleka watu na mizigo kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, kwa pesa za chama, mkopo wa sacco au akiba ya miaka. Mwenye gari akisema "nimenunua mpya," mara nyingi ana maana kwamba ni jipya kwake. Chesisi yake inaweza kuwa na umri mwingine, na matairi yake umri mwingine tena.

Somo la toleo hili ni kusoma umri wa chuma na wa vipuri kabla pesa hazijatoka mfukoni. Rangi inayong'aa hupakwa kwa siku moja. Chesisi iliyooza haionekani ukiwa umesimama kando ya gari. Huonekana ukilala chini yake na tochi, au siku inapokatika ikiwa na abiria.

Umri wa karatasi na umri wa chuma

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo imo katika kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), ambacho pia kinataka gari likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Ni kinga nzuri, lakini ielewe vyema: gari lililoingia bandarini Kilindini kihalali linaweza kuwa limepitia karibu misimu minane ya baridi huko lilikotoka.

Gari likishasajiliwa hapa, hubadilisha mikono bila kizuizi hicho cha miaka minane. Pikapu unayouziwa Kisauni leo huenda imefanya kazi pwani kwa miaka kumi au zaidi. Ukiambiwa "limeingia juzi," uliza juzi ya mwaka gani, kisha hakikisha kwa hati.

Kutu hutoka wapi

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Huvunja utando mwembamba unaokinga chuma, tena huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma hubaki na majimaji hata siku isiyonyesha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo maana hufura na kutoka kama magamba.

Gari la Utange linaweza kulishwa chumvi mara mbili. Mara ya kwanza ni huko ng'ambo. Katika sehemu zenye theluji za Japani, kama Hokkaido, Tohoku na Niigata, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na Uingereza hufanya vivyo hivyo. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi kwenye chesisi. Mara ya pili ni hapa kwetu, ambapo upepo wa bahari hubeba chumvi hadi bara kidogo, na masika huacha madimbwi kwenye barabara za ndani.

Tatizo hili halichagui jina la kampuni. Mwaka 2016, Toyota ilikubali Marekani kumaliza kesi kuhusu kutu ya fremu za pikapu za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia. Makubaliano hayo yaligusa magari yapatayo milioni 1.5, na gharama yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Magari hayo hayakuwa makuukuu: ya mwanzo yalikuwa ya mwaka 2005 na ya mwisho 2010. Jina zuri kwenye boneti halikuondolei kazi ya kuchungulia chini.

Hatua sita za ukaguzi

Nenda mchana, na fundi unayemwamini wewe, si yule aliyeletwa na dalali. Beba tochi, bisibisi, nyundo ndogo na sumaku. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe, hilo nalo ni jibu.

1. Anza na hati. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logbuku. Pata rekodi ya umiliki kupitia huduma za NTSA mtandaoni. Gari la Japani lililoingia karibuni huwa na cheti cha kusafirishia nje kinachoonyesha mwaka na mwezi wa usajili wa kwanza. Ukiona mwaka wa Kijapani, hesabu ni rahisi: mwaka wa Heisei jumlisha 1988, mwaka wa Reiwa jumlisha 2018. Kwa hiyo Heisei 30 ni 2018, na Reiwa 2 ni 2020.

2. Uliza karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na mkaguzi huchora kasoro kwenye picha ya gari. Herufi S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba inayofuata ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Daraja la R au RA huashiria gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwa gari lililotoka Uingereza, tovuti ya serikali ya huko huonyesha bure historia ya ukaguzi wa MOT ukiwa na namba yake ya zamani ya usajili. Humo mkaguzi huandika kama aliona kutu, na mahali alipoiona.

3. Soma umri wa matairi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata usipotembea. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama meno yake bado yamesimama. Soma yote manne na la akiba. Miaka yake ikitofautiana sana, uliza sababu.

4. Tafuta tarehe nyingine. Mikanda ya usalama huwa na kibandiko cha tarehe karibu na mwisho wake, na vioo huwa na alama za mtengenezaji. Kioo au mkanda mmoja usiolingana na vingine unaweza kuwa umebadilishwa baada ya ajali.

5. Lala chini ya gari. Fuata chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa inapopinda, kwenye viungo, na mahali springi zinaposhikiliwa. Gonga taratibu kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyozibwa. Sukuma kwa bisibisi, uone kama inazama. Angalia paipu za breki, mipira yake na tangi la mafuta. Rangi nyeusi mbichi kwenye chesisi ya gari kuukuu inastahili swali, kwani hupakwa kukinga chuma na hupakwa vilevile kuficha.

6. Inua mazulia. Tazama sakafu, kisima cha tairi la akiba na sehemu za chini za milango. Pitisha sumaku kwenye bodi. Pale inapokataa kunata huenda pamejazwa puti.

Tela nayo ikaguliwe

Tela ndogo za kuvutwa, ziwe za tangi la maji, za kuuzia chakula au za kambi za watalii, hudanganya kuliko magari. Hazina injini wala kilomita za kusoma, na nyingi hukaa zimeegeshwa kwa miezi. Matairi yake huzeeka kabla ya kulika, na grisi ya beringi hukauka. Fremu iliyoundwa kwa vyuma vyenye uwazi ndani huoza kutoka ndani, huku nje ikiwa na rangi safi.

Tuchukulie chama kimenunua tela ya kusambaza maji. Tangi la lita 1,000 likijaa lina kilo 1,000 za maji pekee. Uzito wote huo huvutwa na mkono wa chuma ulio mbele na sehemu ulipochomelewa kwenye fremu. Gonga hapo kwanza. Kisha inua kila gurudumu kwa jeki, litikise na ulizungushe: likicheza au likikwaruza, beringi zinataka kazi. Usisahau kwamba tela husajiliwa peke yake, na namba yake huanza na herufi Z. Tela isiyo na namba wala hati ni mzigo wa kesi.

Kutu ipi itibiwe, ipi ikimbiwe

Kutu si sababu ya kukataa kila gari. Kuna ngazi tatu.

Kutu ya juu ni rangi ya kahawia tu, na chuma chini yake ni kigumu. Hukwanguliwa, hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi. Hii ni ya kupunguziana bei.

Kutu ya magamba humenyeka vipandevipande. Chuma kimepungua unene, na fundi hana budi kukwangua hadi mwisho ndipo ajue kilichobaki. Usikubali bei kabla hajafanya hivyo.

Kutu iliyotoboa huruhusu bisibisi kupita. Hapa mahali ndipo panapoamua. Wakaguzi wa Uingereza wana kipimo kizuri cha kuazima: kutu nzito iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikilia breki, usukani, springi au mkanda wa usalama huliangusha gari kwenye ukaguzi. Kwa mbeba abiria, kutu ya namna hiyo ni sababu ya kuaga na kwenda zako.

Ukiamua kutengeneza, chuma kilichooza kikatwe chote na kiwekwe kingine cha unene uleule. Kuchomelea bati jembamba juu ya uozo ni kuuficha tu. Betri ifunguliwe nyaya kabla ya kuchomelea, na asiruhusiwe mtu kuchoma karibu na tangi la mafuta likiwa bado kwenye gari.

Sheria inasema nini

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ya kupewa maelezo anayohitaji, na ya kulipwa fidia anapoumizwa na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza nguvu hapo.

Lakini soma pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Ulinzi kuhusu ubora hulenga muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Ukinunua kwa jirani anayeuza gari lake, kinga yako ni ndogo. Tena, ukilikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua inaweza kuwa juu yako. Ndiyo maana ukaguzi wa harakaharaka unaweza kukuumiza.

Kwa hiyo andikishianeni. Mkataba utaje namba ya chesisi, mwaka, hali ya chesisi kama muuzaji alivyoieleza, na kasoro mlizoziona pamoja. Piga picha za chini ya gari siku hiyo hiyo. Lipa kwa njia inayoacha rekodi. Mzozo ukitokea na dai halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Kumbuka pia kwamba gari la abiria au la biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Cheti cha mwaka jana hakielezi chesisi ilivyo leo.

Ukishanunua

Osha chini ya gari mara kwa mara, hasa baada ya kupita kwenye maji ya bahari au matope. Angalia maji unayotumia: visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvichumvi, na ukiosha kwa hayo unaongeza ugonjwa. Yaonje kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora. Zibua mashimo madogo ya kutolea maji chini ya milango. Usimwagie chesisi oili chafu. Huharibu mipira ya breki na kuchafua ardhi tunayochota maji.

Maswali ya kujipima

1. Tairi limeandikwa 0816. Lilitengenezwa lini?
2. Hati inasema Heisei 29. Huo ni mwaka gani?
3. Umekuta tundu la kutu mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa. Muuzaji anapunguza bei kwa shilingi 20,000. Utafanyaje?

Majibu: (1) Wiki ya 8 ya mwaka 2016. (2) 2017. (3) Liache. Hakuna punguzo linalolingana na uhai wa abiria wako.

Kata ukurasa huu uuweke mfukoni, au umpe jirani anayekusudia kununua gari.