Tubebe Nini Kwenda Ziwa la Empakaai?

Swali: Mwezi wa saba mimi na wenzangu tunakwenda kreta ya Empakaai, Ngorongoro. Tunataka kushuka hadi ziwani. Tujiandae vipi?

Jibu: Anzeni na maji. Ziwa lile ni la magadi. Flamingo wanalipenda, lakini ninyi hamwezi kuyanywa maji yake. Kila mmoja abebe lita tatu, na asizimalize wakati wa kushuka. Kushuka ni kwepesi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kazi ni kupanda: njia ni kali, na ukingo wa kreta uko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi hukata hata kwa kijana. Teremkeni asubuhi, mpande bila haraka.

Askari wa hifadhi mwenye silaha ni lazima, kwani msituni mna nyati. Mpangeni mapema mnapolipia vibali.

Mkilala ukingoni, Julai ni baridi kweli: sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, soksi nzito. Viatu viwe vimeshazoea miguu yenu. Vipya viacheni nyumbani.