Barua ya Pili: Kuarifu Chuo Kuhusu Ufanisi Mpya

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo la uandishi, nami nimeiacha barua ya kuomba kazi kwa sababu tumeiimba tangu kidato cha kwanza. Nitaeleza ndugu yake, ambayo wengi hatuijui: ile unayoandika baada ya kutuma ombi la kuingia chuo, halafu jambo jipya likatokea. Matokeo yametoka, au mmeshinda mashindano. Je, uwaarifu? Na uwaarifu vipi?

Kwanza ujue ni nani anayeamua. Hapa ndipo watu hupoteza karatasi bure. Nafasi za vyuo vikuu vyetu kwa wanaodhaminiwa na serikali hugawiwa na KUCCPS, shirika lililorithi kazi ya bodi ya zamani, JAB, kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Wao hutazama gredi za KCSE. Ukiwa na C+ au zaidi unaweza kuomba digrii, kisha alama zako katika masomo manne yanayohusu kozi ile hushindanishwa na za wenzako. Ukiwaandikia ati ulikuwa nyota wa drama mpaka kitaifa, hutaongezewa hata nusu alama. Unachoweza kubadilisha ni kozi ulizochagua, kwenye tovuti yao, wakati wa marekebisho. Basi.

Lakini iko milango inayofunguliwa na watu wanaosoma ombi lako neno kwa neno. Wafadhili ni hivyo, na vyuo vingi vya Marekani pia. Msiseme hiyo ni ndoto ya watoto wa Nairobi. Mpango wa KenSAP ulianza 2004 kuwasaidia Wakenya waliofaulu sana, wa kutoka jamaa zisizo na uwezo, kuomba vyuo vya huko.

Sasa hebu tazama kalenda ya mtu anayeomba akiwa kidato cha nne. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari na kujibu kama mwisho wa Machi. KCSE ya 2023 ilitangazwa tarehe 8 Januari 2024, tena pale Eldoret, jirani zetu. Ile ya 2024 ikatangazwa tarehe 9 Januari 2025. Yaani mwombaji aliyefanya kila kitu kwa wakati alikuwa amekwisha kutuma ombi lake bila gredi iliyomkesha miaka minne! Anayelisoma kule ana ripoti za muhula na maneno ya walimu tu. Mwombaji akinyamaza, atapimwa kwa nusu ya habari. Ndiyo maana chuo cha MIT kina fomu yake ya Februari ya habari mpya. Vingine hupokea kupitia ukurasa wa mwombaji kwenye tovuti, na vingine husema wazi kwamba havitaki nyongeza. Soma maagizo. Ukituma palipokatazwa, umewaonyesha tu kwamba husomi.

Ufanisi gani unafaa kuarifiwa? Sisi wa shule za kutwa tuna ugonjwa wa kudhani vyetu ni vidogo. Shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru, ni ya kutwa kama yetu. Mwaka wa 2019 wanafunzi wake walifuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, kwa kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka huo huo mwalimu wao, Peter Tabichi, alipata tuzo la mwalimu bora duniani. Jambo kama hilo halihitaji tarumbeta. Sentensi moja yatosha.

Na hapa naona tutateleza wengi, kwa sababu insha zetu tumezizoeza mapambo. "Niling'ara kama mbalamwezi, wapinzani wakafyata mkia" ni tamu kwenye karatasi ya 102/1, lakini kwa msajili haisemi kitu. Yeye anataka kujua kiwango gani: kaunti ndogo ya Lugari, kaunti ya Kakamega, eneo la Magharibi, au kitaifa? Nafasi ya ngapi? Lini? Ulikuwa peke yako au kikundi? Kama mlikuwa watatu, sema mlikuwa watatu.

Mfano wa mwili wa barua, baada ya anwani mbili, tarehe na mtajo:

KUH: HABARI MPYA KUHUSU OMBI NAMBARI (nambari yako)

Niliomba nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo chenu mwezi wa Desemba. Tangu wakati huo matokeo yangu ya KCSE yametangazwa, nami nimepata gredi ya A-, nikiwa na A katika Hisabati na Fizikia. Naambatisha nakala ya slipu ya matokeo. Mwalimu mkuu wetu amekubali kuthibitisha habari hii mkimwandikia. Chuo chenu kingali chaguo langu la kwanza.

Wako mwaminifu,

Sentensi tano tu. Angalieni ameandika "slipu", hakuandika "cheti", maana cheti chenyewe huja baadaye. Majina nayo yafuatane kama yalivyo kwenye ombi. Ukiomba kwa majina mawili na slipu ikawa na matatu, eleza kwa mstari mmoja kwamba ni wewe, wasije wakafungua faili mbili. Ukituma kutoka saiba, chapisha nakala yako kabla ya kuondoka na usisahau kufunga barua pepe yako. Tuma mara moja. Usiwakumbushe kila Jumatatu.

Zoezi: Kikundi chenu cha watu wanne kimekuwa cha pili katika maonyesho ya sayansi ya kaunti, wiki tatu baada ya wewe kuomba ufadhili. Andika barua isiyozidi maneno 80. Mkabidhi katibu wa chama kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula, tutazisoma kwenye mkutano.