Deni la Nyumba na Madeni Mengine: Lipi Litangulie?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki imempeleka bara, akakaa Ruiri katika nchi ya Meru, na hapo sokoni ndipo afanyapo biashara yake ndogo. Tumeona jawabu yake isiwe ya mtu mmoja, kwani jambo lililomsibu yeye limewasibu wengi katika miji yetu, wa Mombasa na Lamu na Malindi, ila wengi huona haya kuuliza.

Asema: Nilichukua mkopo wa benki kwa kununua nyumba, na hati ya ardhi imewekwa rehani. Sasa nimebakiwa na shilingi 1,200,000, riba yake ni 15 kwa kila 100 kwa mwaka, na kila mwezi nalipa 25,000. Pamoja na hayo nadaiwa 15,000 za mkopo wa simu. 30,000 ni ujira wa fundi aliyeezeka nyumba akamaliza. 40,000 nilikopeshwa na mjane jirani yetu, bila ya maandishi, na ahadi yake imekwisha pita. Na 60,000 ni za mwenye duka la jumla anipaye bidhaa, nazo pia muda wake umefika. Mwenyezi Mungu amenijaalia 400,000, fungu langu katika shamba la marehemu baba. Nataka kuzipeleka zote benki, kwa kuwa riba ni haramu nami nataka kutoka humo upesi. Hawa wengine ni watu wangu, watangoja. Je, nimepata au nimekosa?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye taufiki: ndugu yetu amepata katika nia, na amekosa katika mpango. Nasi tutaeleza yote mawili.

Ama kupata kwake, ni kuwa ameichukia riba, na hili ndilo analotakiwa kila Muislamu. Mwenye kusoma Sura ya Baqara, tangu Aya ya 275 mpaka ya 281, ataona kuwa Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba, na kuwa asiyeiacha ametangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) hakumlaani mlaji riba peke yake, bali amemtia pamoja naye mwenye kuitoa, na mwandishi wake, na mashahidi wake. Basi asijidanganye mtu kwa kusema: mimi sili riba, mimi natoa tu. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipolitazama jambo hili la mikopo ya nyumba mwaka 1990, lilikata kuwa mkopo wa riba kwa ajili ya nyumba ni haramu, likahimiza zitafutwe njia nyingine za halali.

Tena hesabu nayo yamsadiki ndugu yetu. Katika hizo 25,000 anazolipa mwezi huu, 15,000 ni riba, na 10,000 tu ndizo zinazopunguza rasilimali. Akienda kwa mwendo huu bila ya kuongeza kitu, na riba isipobadilika, atalipa miezi 74, na riba peke yake itakuwa karibu 644,000, yaani zaidi ya nusu ya deni lenyewe. Lau atazipeleka zile 400,000 zote, muda utarudi hata miezi kama 41, na riba itakuwa karibu 228,000. Ataokoa kama 416,000. Si ajabu basi kuwa moyo wake umeelekea huko.

Lakini tumuulize: hizo 416,000 ataziokoa kwa mali ya nani? Katika zile 400,000, je, zote ni zake? Hapa ndipo lilipo kosa lake, na ndipo wakoseapo wengi.

Deni la benki lina muda wake. Kila mwezi kipande chake hufika, na anapokilipa amekwisha timiza ahadi yake ya mwezi ule. Kipande cha mwaka ujao bado hakijafika. Ama ujira wa fundi umekwisha fika tangu siku aliyoshuka juu ya bati. Deni la mjane limekwisha pita ahadi yake. Mwenye duka vile vile. Haya ni madeni yaliyowajibika leo, na mwenye fedha mkononi asipoyalipa amekuwa mwenye kuchelewesha haki naye ana uwezo, na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi walioipokea Bukhari na Muslim, ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Na mwenye kufanya kazi, tumeamrishwa tumpe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, sembuse huyu ambaye jasho limekauka zamani, na mvua zimenyesha juu ya kazi yake.

Akisema: lakini kutubia riba ni wajibu wa papo hapo. Twamjibu: ni kweli, wala hatumwambii aichelewe toba. Lakini toba yenyewe katika sharti zake ni kurudisha haki za watu. Vipi mtu atatubia haki ya Mwenyezi Mungu kwa kushikilia haki ya mjane? Kilicho chako kipeleke mbio kukatia riba. Kilicho cha mwenzio mpe mwenyewe kwanza.

Na tutazame jambo jingine ambalo jicho la mdaiwa hulikimbia. Benki ina hati ya ardhi mkononi. Ikikosa kulipwa ina sheria na wanasheria. Katika Kenya, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mdaiwa akikaa mwezi mzima hakulipa, hupewa notisi ya muda usiopungua siku 90, khalafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Hiyo haihitaji huruma yetu. Mjane wa Ruiri ana nini? Hana hati, hana karatasi, hana wakili. Ana neno la jirani yake tu. Na jirani naye amuahirisha kwa sababu ile ile iliyompasa amtangulize, nayo ni kuwa hana nguvu. Hii si ada ya ndugu yetu huyu peke yake. Ni ada yetu sote: tunamlipa tunayemuogopa, na anayetuamini twamwambia angoje.

Sasa twende kwenye mpango wenyewe. Aanze na zile 15,000 za simu, kwani muda wake ni mfupi na nyongeza yake ni riba vile vile, tena nzito kuliko ya benki. Anayetozwa shilingi 7 kwa kila 100 kwa mwezi huona ni kidogo, na akiendelea kukopa hivyo mwaka mzima ni shilingi 84 kwa kila 100. Akiisha kulipa aukate mlango huo, asiurudie. Khalafu amlipe fundi 30,000, na mjane 40,000, na mwenye duka 60,000. Jumla ni 145,000. Zilizobaki ni 255,000. Katika hizo aweke 55,000 za chakula na ada za watoto na maradhi, kwani anayelipa mpaka akabaki mikono mitupu, mtoto akishikwa na homa hurudi kwenye simu usiku ule ule. Zinabaki 200,000. Hizi ndizo zake, na hizi azipeleke benki.

Na matunda yake si haba. Deni litarudi 1,000,000. Akishika malipo yale yale ya 25,000 kwa mwezi, atamaliza kwa miezi kama 56 badala ya 74, na ataokoa karibu 249,000 za riba. Kweli ameacha nyuma kama 167,000 ambazo angaliziokoa kwa ule mpango wake wa kwanza. Lakini hizo angeliziokoa kwa fedha za fundi na mjane na mwenye duka, na kwa kuwaacha watoto wake bila ya akiba. Wala hasara hiyo si ya kudumu, kwani madeni madogo yakiisha, kile alichokuwa akikitoa huku na huku kila mwezi atakiongeza kwenye nyumba, na muda utazidi kufupika.

Naye hakututajia mahari, nasi twamkumbusha. Wengi wetu tumeoa kwa mahari nusu taslimu na nusu ya kukaa, na ile ya kukaa tumeisahau kama kwamba imesamehewa. Mahari ni deni. Ikiwa mkewe anaidai na muda wake umefika, itoke katika zile 200,000 kabla hazijafika benki. Ikiwa yu radhi kungoja, radhi ya kweli si ya kunyamazishwa, basi ni hisani yake, na iandikwe. Na hapana budi mke ayajue madeni yote haya, kwani hiyo nyumba ni kao lake, na sheria ya nchi yenyewe haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ya idhini ya mke.

Atakapokwenda benki na ashike mambo matatu. La kwanza, auandike waraka kuwa fedha za ziada zipunguze rasilimali, na muda ufupishwe, wala yasipunguzwe malipo ya mwezi. Kwani malipo yakipunguzwa na muda ukabaki pale pale, riba nayo huendelea mpaka mwisho wa muda wa kwanza. La pili, ausome mkataba wake juu ya kulipa mapema. Sheria hiyo ya mwaka 2012 imempa mdaiwa haki ya kuimaliza rehani kabla ya muda wake, na mkopeshaji aweza kuweka sharti la notisi ya mwezi mmoja, au malipo yasiyozidi riba ya mwezi mmoja. La tatu, siku atakapomaliza asirudi nyumbani na risiti tu. Adai hati ya kuondoa rehani, akaisajili katika afisi ya ardhi, na hati yake ya milki airudishe mkononi. Wako waliomaliza kulipa, wakafa, na warithi wakaikuta rehani bado imeandikwa.

Ama kuihamisha nyumba kwenye benki zifuatazo sharia, ambazo Kenya zilifungua milango tangu mwaka 2008, hilo laweza kuwa njia, ikiwa mkataba ni wa biashara ya kweli au ushirika wa kweli katika nyumba, si mkopo ule ule uliobadilishwa jina. Na aliyenunua kwa njia hiyo akitaka kulipa mapema, mdai aweza kumpunguzia kwa hiari yake. Baraza la Jeddah lilipitisha mwaka 1992 kuwa upunguzaji huo wafaa, maadamu haukufanywa sharti tangu mwanzo.

Tusidhani, enyi ndugu, kuwa hila za kubadilisha majina ni ngeni kwetu. Wazee wetu wa Unguja waliuza mashamba kwa bei khiyari, mwenye shamba akabaki ndani akilipa kodi kwa yule aliyempa fedha, na kodi ile ilikuwa ni riba iliyovaa kanzu. Mikarafuu ikapita mikononi mwa wengine, hata serikali ikalazimika kutoa amri za kuyazuilia mashamba, mwaka 1934 na mwaka 1938. Jina halikuwaokoa.

Na mwenye kutaka mfano wa kulipa deni na amtazame Zubair bin Al-Awwam (r.a.). Imamu Bukhari amepokea kuwa siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 wa Hijra, alimuusia mwanawe Abdullah amlipie deni lake, nalo lilikuwa 2,200,000. Hakuacha dinari wala dirhamu, aliacha ardhi na nyumba. Abdullah akauza, akalipa. Warithi wakamtaka awagawie kilichobaki, akakataa, mpaka alipokwisha kunadi katika msimu wa Hija miaka minne: mwenye kumdai Zubair na aje. Huyu ni katika watu kumi waliobashiriwa Pepo, na mwanawe hakuona kuwa ubashiri ule watosha badala ya haki za watu. Nasi je, ambao hatukubashiriwa?

Neno la mwisho ni letu sisi tulio mijini. Ndugu huyu alikwenda benki kwa kuwa hakuona mahali pengine. Sisi twachanga kwa arusi za siku tatu na kwa karamu za matanga ambazo Sharia haikutuamrisha, na wengine hukopa kwa simu ili wasichekwe. Lakini mfuko wa karadha njema, wa kumkopesha mtu bila ya ziada, katika misikiti yetu ni michache iliyo nao. Na katika mafungu manane ya Zaka, Mwenyezi Mungu ametaja fungu la wenye madeni. Ni wangapi kati yetu tuliokwisha liuliza fungu hilo liko wapi?

Basi tumemjibu ndugu yetu wa Ruiri: nenda kwa mjane kwanza, umlipe kwa mkono wako, umtake radhi kwa kukawia; khalafu kwa fundi, na kwa mwenye duka; na ya simu uimalize siku hiyo hiyo. Kisha nenda benki na kilicho chako, wala usichoke mpaka hati irudi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, na atulipie madeni yetu kabla ya siku ambayo dinari haitafaa wala dirhamu. Wallahu a'alam.